Kocha msaidizi: kiti kidogo, mzigo mkubwa

Na Mwandishi Wetu

KLABU kubwa ya Dar es Salaam inapompokea kocha mkuu kutoka ng'ambo, mashabiki hufurika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, mgeni huvishwa skafu, naye huahidi ubingwa kabla hajaijua hata njia ya kwenda mazoezini. Kocha msaidizi hana shamrashamra za namna hiyo. Jina lake huja mwishoni mwa taarifa ya klabu, pengine sambamba na la kocha wa makipa na la daktari wa timu, na mpenzi wa soka hulipita bila kulitazama mara mbili.

Hata hivyo, kumbukumbu za Simba, Yanga, Azam na KMC katika miaka ya karibuni zinaonyesha kuwa mtu huyo wa mwisho katika taarifa ndiye ambaye mara nyingi huachiwa timu katika wiki ngumu kuliko zote: wiki ambayo kocha mkuu ametimuliwa, mrithi hajapatikana, na mechi haiwezi kuahirishwa. Makala haya yanaeleza kazi ya kocha msaidizi, namna anavyopatikana, kanuni zinazomhusu, na yaliyowapata baadhi ya waliokikalia kiti hicho, ili msomaji aweze kuupima uteuzi unaofuata kwa macho mapana zaidi.

Kazi yake ni ipi?

Kwa jumla, kocha mkuu ndiye mwenye falsafa ya mchezo na neno la mwisho kuhusu nani aanze na nani akae benchi. Kocha msaidizi ndiye anayeigeuza falsafa hiyo kuwa mazoezi ya kila siku. Huwahi uwanjani kabla ya wachezaji, hupanga koni na kugawa vizibao, husimamia kundi moja wakati bosi wake akiwa na kundi jingine, na hubaki na mchezaji mmoja mmoja baada ya mazoezi kurekebisha kasoro. Katika timu nyingi ndiye pia anayepewa kusimamia mipira ya kona na ya adhabu, na ndiye anayetumwa kuwatazama wapinzani na kurudi na ripoti.

Siku ya mechi, yeye ni jicho la pili. Kocha mkuu huufuata mpira na hasira za mwamuzi. Msaidizi huangalia nani amechoka, nani anaachiwa nafasi, na nani kati ya walio benchi amepasha misuli sawasawa. Sheria za soka zinaruhusu mtu mmoja tu kwa wakati mmoja kutoa maelekezo ya kiufundi akiwa amesimama katika eneo la benchi. Ndiyo maana msaidizi huonekana ameketi, akinong'ona, kisha bosi wake anasimama na kupaza sauti. Tangu kanuni mpya zilipoanza kutumika Juni 2019, mwamuzi anaweza kuwaonyesha kadi ya njano au nyekundu hata watu wa benchi. Na ikiwa aliyekosa hakutambulika, adhabu humwangukia kocha mwenye cheo cha juu aliyepo katika eneo hilo. Kocha mkuu akitolewa nje, anayebaki kubeba dhamana hiyo ni msaidizi.

Ipo kazi nyingine ambayo haiandikwi katika mikataba. Kwa kuwa makocha wakuu wengi wa Simba, Yanga na Azam wametoka nje ya nchi, msaidizi mzalendo au wa kutoka nchi jirani huwa ndiye mkalimani, si wa lugha pekee bali wa tabia. Yeye ndiye anayemfahamisha mgeni kuwa mchezaji fulani ana msiba nyumbani, kuwa uwanja wa mkoani mwezi wa masika hauruhusu pasi fupi, na kuwa mechi ya watani wa jadi haifanani na mechi nyingine yoyote. Yeye pia ndiye mchezaji anayemwendea kwanza anapokosa namba, kwa sababu kwa kocha mkuu anaogopa na kwa viongozi anaona haya.

Milango mitatu ya kuingilia

Kocha msaidizi huingia klabuni kwa mojawapo ya milango mitatu, na mlango alioingilia husema mengi kuhusu muda atakaodumu.

Mlango wa kwanza ni kufuatana na bosi. Mbrazili Marcio Maximo alipojiunga na Yanga katikati ya mwaka 2014, alikuja na Mbrazili mwenzake wa kumsaidia. Miaka 10 baadaye, Julai 2024, Simba ilipomwajiri Fadlu Davids kutoka Afrika Kusini, naye alikuja na watu wake, akiwamo msaidizi Darian Wilken. Faida ya utaratibu huu ni kwamba benchi huwa na lugha moja tangu siku ya kwanza. Hasara yake huonekana siku ya kuachana: Fadlu alipoondoka Septemba 2025 kwenda Raja Casablanca ya Morocco, wasaidizi aliokuja nao wakaondoka naye.

Mlango wa pili ni klabu kumchagua msaidizi yenyewe, mara nyingi mchezaji wake wa zamani au kocha aliyefanya vyema katika timu ndogo. Huyu huwa ni mtu wa klabu kabla ya kuwa mtu wa kocha mkuu. Viongozi humpenda kwa kuwa anabaki wakati wageni wanapoondoka. Kocha mkuu, kwa upande wake, anaweza kumwona kama jicho la viongozi ndani ya benchi lake, au kama mrithi aliyewekwa karibu makusudi.

Mlango wa tatu ni wa vyeti. Shirikisho la Soka Afrika, CAF, hupanga leseni za makocha kuanzia daraja D, C, B na A hadi Pro, na huweka kiwango ambacho kocha mkuu wa klabu lazima awe nacho ili aongoze timu katika michuano yake. Mwaka 2021 kanuni hiyo iliibana Simba. Mfaransa Didier Gomes da Rosa, aliyekuwa ameifikisha timu robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika msimu wa 2020/21, alikutwa na leseni isiyokidhi masharti ya CAF kwa kocha mkuu. Septemba mwaka huo, klabu ikamwongeza benchini Mnyarwanda Hitimana Thierry, aliyewahi kuifikisha Namungo fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam mwaka 2020. Kwa hiyo msaidizi akawa ndiye mwenye karatasi ambayo bosi wake hakuwa nayo.

Mpangilio huo haukudumu. Oktoba 24, 2021, Simba ilifungwa mabao 3-1 na Jwaneng Galaxy ya Botswana jijini Dar es Salaam na kutupwa nje ya Ligi ya Mabingwa. Siku chache baadaye Gomes aliachana na klabu, na Mhispania Pablo Franco akatangazwa Novemba.

Jangwani: Mkwasa, Mwambusi na Kaze

Katika Yanga, jina linaloeleza vyema maisha ya kocha msaidizi ni la Charles Boniface Mkwasa. Alikuwa kiungo wa klabu hiyo na wa Taifa Stars, kisha akawa kocha aliyeipeleka timu ya taifa ya wanawake, Twiga Stars, katika fainali za Afrika za mwaka 2010 nchini Afrika Kusini. Yanga ilimchukua kuwa msaidizi wakati ambapo Mholanzi Hans van der Pluijm alikuwa akichukua timu mwanzoni mwa mwaka 2014, baada ya Mholanzi mwenzake, Ernie Brandts, kuondolewa kufuatia kipigo cha mabao 3-1 kutoka kwa Simba katika mechi ya Nani Mtani Jembe, Desemba 2013.

Pluijm na Mkwasa walielewana kiasi kwamba walipoondoka Yanga katikati ya mwaka 2014, waliondoka pamoja kwenda kufundisha Saudi Arabia. Maximo, aliyewarithi, alifungwa na Simba mabao 2-0 katika Nani Mtani Jembe ya Desemba 2014 na kibarua chake kikaota nyasi. Yanga ikawarudisha wote wawili, na ligi ya msimu wa 2014/15 ikaishia Jangwani.

Katikati ya mwaka 2015, Shirikisho la Soka Tanzania, TFF, lilimwondoa Mart Nooij katika timu ya taifa na kumkabidhi Mkwasa kazi hiyo. Msaidizi wa klabu akawa kocha mkuu wa nchi. Novemba 14, 2015, Stars ilitoka sare ya mabao 2-2 na Algeria jijini Dar es Salaam, kisha siku tatu baadaye ikalala kwa mabao 7-0 ugenini. Ndani ya wiki moja Mkwasa alionja sifa na lawama ambazo msaidizi huzisikia kwa mbali tu.

Nafasi aliyoiacha Yanga ilichukuliwa mwaka huohuo na Juma Mwambusi. Huyu hakuwa mgeni wa ukocha mkuu: ndiye aliyeiongoza Mbeya City kumaliza nafasi ya 3 katika msimu wake wa kwanza wa Ligi Kuu, 2013/14, mbele ya Simba. Kukubali kwake kuwa wa pili Jangwani kulikuwa ni kushuka cheo na kupanda ngazi kwa wakati mmoja. Akiwa na Pluijm, Yanga ilitwaa ligi na Kombe la Shirikisho msimu wa 2015/16, na ikafika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2016.

Mkwasa alirudi tena. Novemba 2019, Yanga ilipoachana na Mwinyi Zahera, yeye ndiye aliyepewa timu kwa muda, na Januari 4, 2020 aliiongoza kusawazisha mabao mawili dhidi ya Simba katika sare ya 2-2. Wiki hiyohiyo ya shangwe haikumbadilishia cheo. Mbelgiji Luc Eymael aliletwa mwezi huohuo, na Mkwasa akarudi katika kiti cha pili.

Kisa cha Cedric Kaze ni cha nadra zaidi. Mrundi huyo alikuwa kocha mkuu wa Yanga iliyotwaa Kombe la Mapinduzi Januari 2021, kisha akafutwa kazi Machi mwaka huohuo, na Mwambusi akakabidhiwa timu kwa muda hadi Mtunisia Nasreddine Nabi alipowasili Aprili. Baadaye mwaka 2021 Kaze alirejea katika klabu iliyomfukuza, safari hii akiwa msaidizi wa Nabi. Wengi wangeliona jambo hilo kuwa ni aibu. Yeye alilikubali, na wawili hao wakaiongoza Yanga kutwaa ligi ya 2021/22 bila kupoteza mchezo, kuutetea ubingwa huo msimu wa 2022/23, na kufika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023, ambako USM Alger ya Algeria iliwapiku kwa kanuni ya bao la ugenini. Nabi alipoondoka Juni 2023, Kaze naye aliondoka na kuwa kocha mkuu wa Namungo.

Msimbazi: bosi huenda, msaidizi hubaki

Kwa upande wa Simba, Mganda Jackson Mayanja aliajiriwa Januari 2016 kumsaidia Mwingereza Dylan Kerr. Kabla mwezi haujaisha, Kerr alikuwa ameshafutwa kazi baada ya Simba kutolewa katika nusu fainali ya Kombe la Mapinduzi, na Mayanja akajikuta akiiongoza timu hadi mwisho wa msimu. Julai 2016 aliletwa Mcameroon Joseph Omog, na Mayanja akarudi nyuma hatua moja. Wawili hao walitwaa Kombe la Shirikisho Mei 2017 kwa kuifunga Mbao mabao 2-1 mjini Dodoma. Oktoba mwaka huo Mayanja akaachia ngazi.

Nafasi yake ilijazwa na Mrundi Masoud Djuma, aliyekuwa ametoka kuipa Rayon Sports ubingwa wa Rwanda. Mambo yakajirudia kama vile yameandikwa. Desemba 2017 Simba ilitolewa kwa mikwaju ya penalti na Green Warriors, timu ndogo ya jeshi, katika Kombe la Shirikisho. Omog akaondoka, na Djuma akashika usukani kwa muda. Januari 2018 aliletwa Mfaransa Pierre Lechantre, na Simba ikatwaa ubingwa ilioukosa tangu msimu wa 2011/12. Lechantre naye hakudumu; Julai 2018 akaja Mbelgiji Patrick Aussems. Kufikia Oktoba, Djuma na Aussems walikuwa hawapatani tena, na klabu ikaagana na msaidizi. Katika mwaka mmoja tu, Djuma alikuwa amefanya kazi na mabosi watatu.

Simba ilipata utulivu wa muda mrefu zaidi kwa Selemani Matola. Kiungo huyo alikuwa nahodha wa Simba na mmoja wa wale walioitoa Zamalek ya Misri, mabingwa watetezi wa Afrika, mwaka 2003. Aliifikisha Lipuli ya Iringa fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2019, akaenda Polisi Tanzania, na Desemba 2019 akaitwa Msimbazi kumsaidia Mbelgiji Sven Vandenbroeck.

Januari 2021 Vandenbroeck aliondoka ghafla, siku moja tu baada ya Simba kuifunga FC Platinum ya Zimbabwe mabao 4-0 na kufuzu hatua ya makundi. Matola ndiye aliyeipeleka timu Zanzibar katika Kombe la Mapinduzi. Katika fainali ya Januari 13, iliyoamuliwa kwa penalti, Yanga ilikuwa chini ya Kaze na Simba chini ya Matola. Kabla mwaka haujaisha, wote wawili walikuwa wameketi katika viti vya wasaidizi.

Novemba 2023, Mbrazili Roberto Oliveira 'Robertinho' alipoondoka baada ya kufungwa na Yanga mabao 5-1, timu iliachwa kwa Daniel Cadena, kocha wa makipa, akishirikiana na Matola. Aprili 2024, Mualgeria Abdelhak Benchikha alipoondoka, Matola alikuwapo tena, safari hii pamoja na Juma Mgunda.

Mgunda naye ana hadithi yake. Akitokea Coastal Union ya Tanga, aliitwa Simba Septemba 2022 baada ya Zoran Maki kuondoka mapema. Kwa kazi aliyoambiwa ni ya muda, aliwatoa Nyasa Big Bullets ya Malawi na Primeiro de Agosto ya Angola na kuiingiza Simba katika makundi ya Ligi ya Mabingwa. Januari 2023 aliletwa Robertinho, na aliyeivusha timu akawa msaidizi.

Chamazi na Mwenge: milango ya pembeni

Makao makuu ya watani wa jadi yapo Kariakoo, lakini kazi ya ukocha imehamia pembezoni mwa jiji. Simba ilijenga uwanja wake wa mazoezi Bunju, Kinondoni. Yanga imekuwa ikifanya mazoezi Avic Town, Kigamboni, eneo ambalo zamani lilikuwa sehemu ya Temeke. Uwanja wa Benjamin Mkapa, wenye viti 60,000, upo Temeke. Na Azam imejijengea ngome yake Chamazi, ndani kabisa baada ya Mbagala.

Azam ni mfano wa klabu iliyompa msaidizi nafasi ya kukua. Kali Ongala, mshambuliaji wa zamani wa Yanga na Azam, alianza kujifunza ukocha akiwa msaidizi katika benchi la Mwingereza Stewart Hall huko Chamazi. Alikwenda kuwa kocha mkuu wa Majimaji ya Songea, kisha akarejea Azam mwaka 2022 kuwafundisha washambuliaji. Mfaransa Denis Lavagne alipoondolewa Oktoba mwaka huo, Ongala alipewa timu na kuifikisha fainali ya Kombe la Shirikisho Juni 2023 mjini Tanga, ambako Yanga ilishinda kwa bao 1-0. Msimu uliofuata ulianza na kocha mpya kutoka Senegal, Youssouf Dabo.

Kinondoni nako kuna KMC, timu ya Halmashauri ya Manispaa, yenye uwanja wake Mwenge. Ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2018/19, ikamaliza nafasi ya 4 chini ya Mrundi Etienne Ndayiragije na kuiwakilisha nchi katika Kombe la Shirikisho Afrika. Ndayiragije alipokwenda Azam mwaka 2019, KMC ilimchukua Mayanja, yule msaidizi wa zamani wa Simba, kuwa kocha mkuu. Mwaka 2022 ikamchukua Hitimana, msaidizi mwingine wa zamani wa Simba. Kwa maneno mengine, wasaidizi wawili ambao Msimbazi haikuwapa kiti cha mbele wamekipata katika timu ya manispaa. Kwa kocha aliye katika kiti cha pili, klabu za namna ya KMC na Namungo ndizo ngazi halisi ya kupandia.

Mkataba unasema nini?

Hapa ndipo penye suala zito kuliko majina. Tangu Januari 1, 2021, kanuni za Shirikisho la Soka la Kimataifa, FIFA, zina kiambatisho maalumu kuhusu mikataba ya makocha. Kinadai mkataba uwe wa maandishi, uwe na muda, mshahara na majukumu yaliyotajwa, na kinaeleza fidia pale unapovunjwa bila sababu ya haki. Kinakataza pia klabu kuufanya uhalali wa mkataba utegemee kibali cha kazi au leseni fulani ya ukocha: klabu inapaswa kukagua vyeti kabla ya kutia saini, si baada ya kufungwa. Msaidizi anayefundisha wachezaji naye ni kocha kwa tafsiri ya kanuni hizo.

Hata hivyo, FIFA husikiliza migogoro yenye sura ya kimataifa. Kocha mgeni anayedai mishahara yake anaweza kupeleka shauri huko, na klabu inayogoma kulipa hukabiliwa na kufungiwa kusajili. Mtanzania aliyeajiriwa na klabu ya Tanzania hana njia hiyo. Shauri lake huishia katika vyombo vya ndani. Ndiyo maana katika benchi moja watu wawili wanaweza kufukuzwa siku moja, mmoja akaondoka na fidia nono, na mwingine akabaki na ahadi.

Kwa msaidizi mzalendo, basi, maneno ya mkataba ndiyo kinga yake kuu. Yanapaswa kueleza anawajibika kwa nani, kwa kocha mkuu au kwa uongozi. Yanapaswa kueleza kama mkataba wake unakufa pamoja na wa bosi wake au unasimama peke yake. Yanapaswa kutaja malipo yake atakapokaimu ukuu, kwa kuwa kukaimu si jambo la dharura tena bali ni sehemu ya kazi. Na yanapaswa kumruhusu kwenda kozi za leseni, maana bila daraja A hawezi kukalia kiti cha mbele katika mashindano ya Afrika hata kama wachezaji wote wanamtaka.

Wenzetu wamefanyaje?

Liverpool ya Uingereza ilipoachwa na Bill Shankly mwaka 1974, haikwenda mbali kutafuta. Ilimpandisha msaidizi wake, Bob Paisley, ambaye aliipa Kombe la Ulaya mara tatu, mwaka 1977, 1978 na 1981. Chelsea ilimwachia timu Roberto Di Matteo Machi 2012 baada ya kumfukuza Andre Villas-Boas, na miezi miwili baadaye msaidizi huyo alinyanyua Kombe la Mabingwa Ulaya. Lakini kabla ya mwaka kwisha naye alifukuzwa. Mafanikio ya msaidizi hayadumu daima katika kumbukumbu za waajiri.

Barani Afrika, Pitso Mosimane alikuwa msaidizi wa Carlos Alberto Parreira wakati Afrika Kusini ilipoandaa Kombe la Dunia mwaka 2010. Alirithi timu hiyo, kisha akatwaa Ligi ya Mabingwa Afrika akiwa na Mamelodi Sundowns mwaka 2016 na Al Ahly ya Misri mara mbili.

Tanzania nayo ina mfano wake katika timu ya taifa. Hemed Suleiman 'Morocco' alikuwa msaidizi wa Mkwasa katika Stars mwaka 2015, na miaka kadhaa baadaye akawa msaidizi wa Adel Amrouche. Januari 2024, katika fainali za Mataifa ya Afrika nchini Ivory Coast, CAF ilimfungia Amrouche mechi 8 kwa matamshi yake kuhusu Morocco. Hemed akakabidhiwa timu katikati ya mashindano, Mgunda akiwa msaidizi wake, na Stars ikatoka sare na Zambia na DR Congo. Novemba 2024 aliifunga Guinea bao 1-0 katika Uwanja wa Benjamin Mkapa na kuipeleka Tanzania katika fainali za mwaka 2025. Kabla ya fainali hizo kuanza, timu ilikabidhiwa Muargentina Miguel Gamondi.

Maswali ya kuuliza

Visa hivi havithibitishi kuwa kila msaidizi anafaa kuwa kocha mkuu. Kipigo cha Algeria ni ushahidi kwamba kiti cha mbele kina moto wake, na wapo makocha hodari ambao hung'ara zaidi wakiwa wa pili. Kaze na Nabi walionyesha kuwa nafasi hiyo, ikikaliwa na mtu aliyeiridhia na bosi anayemwamini, inaweza kuzaa misimu bora kuliko mingine.

Vinavyothibitisha ni kwamba uteuzi wa kocha msaidizi si jambo dogo la kumalizia taarifa. Klabu itakapomtangaza mwingine, iwe ni Jangwani, Msimbazi, Chamazi au Mwenge, mwanachama na ayaulize maswali manne: ameletwa na nani, ana leseni ya daraja gani, mkataba wake unasemaje siku bosi wake akiondoka, na je, akiivusha timu, klabu iko tayari kumfikiria naye katika orodha ya wanaogombea kiti cha mbele? Majibu ya maswali hayo ndiyo yatakayoonyesha iwapo klabu imeajiri kocha, au imejiwekea tu mtu wa kushika usukani hadi mgeni mwingine atakapotua.